Kuhamisha Piano Tanga: Jinsi ya Kumpata Mbebaji wa Kuaminika na Kufanya Naye Kazi

Ukimpigia simu mwenye Canter pale Ngamiani ukamwambia una kinanda cha kuhamisha, atakuja na vijana wawili na kipande cha kamba. Hana kosa. Kinanda anachokijua ni kile cha umeme, cha kwaya au cha taarabu, ambacho mtu mmoja anakibeba kwapani. Cha kwako ni kitu kingine kabisa: ni sanduku la mbao lenye fremu ya chuma cha kusubu ndani, nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu ya jumla ya karibu tani 18, na uzito wa ng'ombe mzima. Kwa hiyo tangu simu ya kwanza sema "piano", sema kilo zake, na sema ni ya mbao na chuma, siyo ya umeme. Simu nyingi zitaishia hapo, na ni heri ziishie hapo kuliko mlangoni kwako.

Nayaandika haya kwa sababu piano ya kwanza niliyoihamisha ilivunjika mikononi mwangu. Ilikuwa inatoka Raskazone kwenda Chumbageni, safari ya dakika chache. Walikuja vijana wanne wenye nguvu, wakaisukuma kwa vigurudumu vyake vya shaba. Vigurudumu vile vilikuwa vimeganda kwa kutu ya miaka, havizunguki, vinakwaruza tu sakafu ya saruji na kuacha mistari miwili myeupe. Kwenye kizingiti cha mlango kigurudumu cha mbele kikakwama, wao wakaongeza nguvu, na mguu wa mbele ukakatika kwa mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini. Piano ikalalia upande mmoja ikambana kijana mmoja kidole kati yake na fremu ya mlango. Ukucha ulitoka wote. Sikuwa na karatasi yoyote ya makubaliano, na aliyewaleta aliniambia tu kwamba nilipaswa kujua ni mzito. Alisema kweli: nilipaswa kujua. Tangu siku hiyo nimesimamia uhamishaji wa piano za shule, za makanisa na za nyumbani, na utaratibu nitakaoueleza ndio ninaoufuata.

Ijue piano yako kwanza

Piano za wima, zile zinazosimama kuegemea ukuta, ndizo nyingi kwetu. Ndogo zina kilo 150 hadi 200 na kidogo. Ndefu za zamani zinafika kilo 250, nyingine 350. Upana ni kama mita 1.5, kina sentimita 60 hadi 65. Piano za kulala, zenye mkia na miguu mitatu, huanzia karibu kilo 250, na zile kubwa za kumbi za tamasha zinakaribia kilo 500. Ya umeme haizidi sana kilo 80 hata ikiwa na kabati lake, na hiyo kweli vijana wawili wanaitosha.

Fungua mfuniko wa juu uchungulie ndani. Utakuta jina la mtengenezaji na namba ya piano, mara nyingi imegongwa kwenye fremu ya chuma au kwenye ubao wa nyuma yake. Iandike. Kisha piga picha pande zote nne, piga picha kila mkwaruzo uliopo tayari, na uchukue video ukigonga vibonye vyote 88 kimoja baada ya kingine na kukanyaga kila pedali. Ni kazi ya dakika tatu. Siku ikitokea ubishi, video hiyo inasema yenyewe piano ilikuwaje kabla haijaguswa.

Angalia pia mchwa. Piga kucha sehemu ya chini na nyuma. Mahali panapolia kama boksi tupu pamekwisha kuliwa. Piano iliyoliwa chini haifai kubebwa kwa mkanda unaopita chini yake bila ubao mnene wa kuisaidia, na mbebaji lazima aambiwe.

Kisha pima njia nzima, kutoka ilipo hadi itakapokaa. Nyumba za zamani za mjini kwetu, hasa zile za ghorofa, zina milango ya mabawa mawili: pima mabawa yote yakiwa wazi, na uhakikishe la pili linafunguka kweli, maana mengi yamepigwa misumari siku nyingi. Pima ngazi upana wake, na pale zinapogeuka pima mara mbili, kwa sababu kona ndiyo inayoshinda watu. Hesabu vidato. Tazama nje: kuna mchanga? Kuna mtaro usio na kifuniko? Nyaya za umeme zimening'inia chini kiasi gani? Lori litafika hadi barazani au litaishia barabarani?

Wapi pa kuwapata

Wa kwanza kuulizwa ni fundi anayekuja kuikaza piano nyuzi. Mimi wangu namtoa Dar es Salaam, na hata aliye mbali hivyo anajua nani ameibeba piano vizuri na nani ameiharibu, kwa sababu yeye ndiye anayeitwa baadaye kurekebisha. Baada ya fundi, nenda kwa wenye piano: makanisa, shule za zamani, walimu wa muziki, hoteli. Waulize nani alibeba, na waulize swali la pili ambalo watu hulisahau: "Ungemwita tena?" Ukiwa Bagamoyo, waanzie walimu wa muziki pale TaSUBa; ni taasisi ya sanaa tangu 1981, na watu wake wanajuana na wanamuziki hadi Dar es Salaam.

Usipompata mtu aliyewahi kubeba piano, usikate tamaa. Tafuta waliozoea vitu vizito visivyotaka mtikisiko. Wale wanaohamisha meza za puli kwenye baa wanafaa sana: bamba la jiwe la meza ile ni zito na likigongwa linapasuka, kwa hiyo mikono yao imejifunza upole. Wanaofuata ni waliobeba sefu za ofisini, mashine za kusaga, jenereta na mashine za hospitali. Makuli wa bandarini nao wana uzoefu wa uzito, lakini chunguza ni uzoefu wa aina gani. Aliyezoea magunia amezoea kutua mzigo kwa kishindo.

Dalali anayekwambia "bosi, niachie mimi, vijana nitawaleta" muombe akukutanishe na msimamizi wao kabla. Akikataa, mshukuru muagane. Huwezi kumwamini mtu ambaye hujamwona atakayekuja na watu ambao yeye hajawajua.

Mbebaji mzuri anajulikana kwa maswali yake

Hili ndilo ninalolitegemea kuliko yote. Anayetaja bei kabla hajauliza chochote anauza nguvu za vijana wake. Anayeijua kazi atakuuliza: ni ya wima au ya kulala? Iko ghorofa ya ngapi? Ngazi ni za mbao au za zege, na zina kona? Mlango upana gani? Gari linafika wapi? Inakokwenda pakoje? Bila kuyasikia hayo usiendelee naye. Na aliye bora zaidi atasema, "Mwalimu, nitapita jioni niione." Aliyekuja kuona kwa miguu yake amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyofanya kazi.

Akija, mkaribishe, mpe maji, kisha mwache aizunguke piano bila kumwongoza. Tazama anagusa wapi. Anayeijua atapeleka mkono nyuma, kwenye vipini na mihimili minene, na chini, kwenye kitako. Asiyeijua atashika ubao wa vibonye au miguu ya mbele na kujaribu kuinyanyua aone uzito. Miguu ile ya mbele imewekwa zaidi kwa urembo na kuegemeza ubao; haikutengenezwa kuburutwa.

Kisha muulize wewe:

"Utakuja na watu wangapi?" Kwa piano ya wima isiyopanda wala kushuka ngazi, wanne wanaoelewana wanatosha. Wawili hawatoshi hata wakiwa majitu. Wanane nao ni hatari, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshika.

"Una vifaa gani?" Jibu unalotaka kusikia ni haya: kitoroli kipana cha magurudumu manne ya mpira, mikanda bapa ya kubebea na ya kufungia, mablanketi mazito, mbao ndefu za kupandishia, na turubai. Akisema "tutabeba kwa mikono", umepata jibu. Kuhusu kamba: sisi wa Tanga tumekulia kwenye mkonge na kamba ya katani iko kila nyumba, lakini juu ya piano haifai. Inakwaruza vanishi, inakata kona za mbao, na ikilowa inabadilika urefu njiani. Kamba ya katani ifunge turubai tu.

"Nani anatoa amri?" Lazima awe mtu mmoja, jina linatajwa, na ndiye peke yake anayesema "nyanyua", "simama", "teremsha".

"Ikiharibika?" Hapa sikiliza zaidi ya maneno. Mtu mzima wa kazi atasema kitu cha kueleweka: mkwaruzo tunafanya hivi, mguu ukivunjika tunalipia fundi, chuma kikipasuka tunazungumza thamani. Anayesema "haijawahi kutokea, usiogope, Mungu yupo" hajalijibu swali. Muulize pia kama gari lina bima inayogusa mzigo, maana bima ya lazima ya gari inashughulikia madhara kwa watu wengine, haikulipi wewe piano yako. Kwa piano ya thamani kubwa inayosafiri mbali, pita kwa wakala wa bima uulizie bima ya mzigo safarini kabla ya kufunga makubaliano.

Mwombe namba za watu wawili aliowabebea vitu vizito, na uwapigie kweli. Mwombe kitambulisho chake cha NIDA na namba ya gari. Asiyeficha kitu hataona umemvunjia heshima, ukiomba kwa adabu.

Kwa piano ya kulala, ongeza swali moja: "Mtaitoaje miguu?" Jibu sahihi ni kwamba wanatoa kwanza mfuniko na kisanduku cha pedali, kisha mguu wa kushoto mbele, wanaishusha taratibu upande ule ulionyooka juu ya ubao wenye mablanketi, wanaisimamisha kwa ubavu huo, ndipo wanatoa miguu miwili iliyobaki. Piano ya kulala haisafiri ikiwa imesimama kwa miguu yake, na mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii asijifunzie kwako. Hapo sioni ubaya kugharamia timu kutoka Dar es Salaam.

Bei na karatasi

Pata bei tatu, kutoka kwa watu watatu waliokuja kuona. Iwe bei ya kazi nzima, siyo ya saa, na ujue imejumuisha nini: gari na mafuta, vijana, vifaa, kupandisha ngazi, kusubiri. Bei ya chini sana kuliko nyingine mbili ina sababu yake, na kwa kawaida sababu ni watu wachache au hakuna kitoroli. Muulize mwenyewe kapunguza wapi. Mimi hulipa theluthi moja kabla, iliyobaki baada ya piano kukaa mahali pake na kukaguliwa. Lipa kwa simu au kwa risiti, ibaki alama.

Karatasi isiwatishe. Nusu ukurasa inatosha, mbele ya shahidi mmoja wa kila upande, na kama mna wasiwasi mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Yangu huwa hivi:

"Mimi (jina, namba ya kitambulisho, simu) nimekubali kuhamisha piano moja ya wima (jina la piano, namba yake) kutoka (mahali) hadi (mahali), tarehe (siku), kwa gari namba (namba), nikiwa na wabebaji wanne, kitoroli, mablanketi, mikanda na turubai. Bei ya kazi yote ni Sh (kiasi). Nimepokea Sh (kiasi). Zilizobaki nitapokea baada ya piano kuwekwa chumba cha (kipi) na kukaguliwa na pande zote mbili. Hali ya piano kabla ya safari imerekodiwa kwa picha na video tulizoziona pamoja. Uharibifu utakaotokea mikononi mwangu nitalipia matengenezo yake. Mvua ikinyesha tutaahirisha bila gharama ya ziada."

Sentensi ya mwisho usiiache. Masika kwetu ni Machi hadi Mei, vuli inakuja Oktoba hadi Desemba, na hata nje ya hapo Tanga haikosi manyunyu. Ukiweza kuchagua, Januari na Februari ndiyo miezi mikavu. Panga asubuhi, saa moja au saa mbili, kabla jua halijachoma na vijana hawajachoka kwa kazi nyingine.

Siku yenyewe

Usiku uliotangulia, ondoa mazulia, stuli, vyungu vya maua na watoto kwenye njia. Toa kila kilicho juu na ndani ya piano. Funga mfuniko wa vibonye. Kama una ufunguo, ufunge uuweke mfukoni. Kama hauna, zungusha blanketi na mkanda. Usibandike selotepu juu ya mbao, itaondoka na vanishi.

Wakifika, waamkie, wape chai, na uwaambie wote, siyo msimamizi peke yake, uzito wake na kwamba ikianza kuanguka waiache ianguke. Lirudie. Kijana mwenye moyo wa kazi ataweka mwili wake kuizuia, na kilo 250 hazizuiliki. Piano ina bei. Mguu wa mtu hauna. Asiyevaa viatu vilivyofunika vidole asishike.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Wanaivuta kidogo kutoka ukutani, wanaizungushia mablanketi na kuyafunga kwa mikanda. Wanainua upande mmoja sentimita chache, kitoroli kinaingia chini katikati, wanaushusha. Kuanzia hapo piano inasukumwa, haibebwi. Wawili pembeni, mmoja mbele akitazama njia, mmoja nyuma. Kizingitini wanaweka kipande cha ubao wa kupandia, hawaruki. Kwenye mchanga wanatandika mbao mbili au mabati ya zamani na kuyahamisha mbele kadiri wanavyokwenda. Taratibu, ndiyo, lakini kitoroli kikizama mchangani mtakesha.

Kwenye ngazi, piano inashuka kidato kwa kidato, mkanda ukiwa umeshikwa na walio juu, na kila kidato wanapumzika. Hakuna anayesimama chini yake moja kwa moja. Ukiona msimamizi amenyamaza na kila mtu anapiga kelele yake, simamisha kazi. Ni haki yako, na mwenye kazi nzuri hatakasirika.

Kupandisha kwenye gari kuna hila nzuri. Kama nyumba ina baraza ndefu, rudisha Canter nyuma hadi bodi yake iguse ukingo wa baraza, na piano inaingia karibu sawasawa na sakafu. Kama hakuna baraza, tumia mbao nene za mita 4. Bodi ikiwa kimo cha mita 1, piano ya kilo 240 itahitaji msukumo wa kama kilo 60, ukiacha msuguano wa magurudumu. Kwa mbao za mita 2 msukumo ni mara mbili yake na mteremko unatisha. Kirikuu achana nayo, na guta usilifikirie.

Ndani ya gari, piano inasimama wima, mgongo wake ukiegemea ukuta wa mbele nyuma ya dereva, blanketi katikati. Itolewe kwenye kitoroli, ikae chini, ifungwe kwa mikanda miwili, wa juu na wa chini, kwenye vyuma vya bodi. Isilazwe chali kwa sababu ya "kukaa vizuri". Utingo mmoja abaki nyuma akiitazama, ila asikae kati ya piano na mlango wa nyuma. Dereva apunguze mwendo kwenye kila tuta. Safari ya Tanga hadi Dar es Salaam, kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, ina matuta mengi. Simameni Segera mkaze mikanda upya, kwa kuwa mablanketi yatakuwa yamejikandamiza na mikanda imelegea.

Ikishafika

Chagua mahali kabla gari halijafika: ukuta wa ndani, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari na mbali na jua la alasiri. Chumvi ya pwani inaleta kutu kwenye nyuzi, na unyevu unafanya vibonye vigande. Ikague mkiwa pamoja: kona, miguu, pedali, vibonye vyote kama kwenye video. Piano kupoteza sauti yake kidogo ni jambo la kawaida na si kosa la mbebaji. Kibonye kisichonyanyuka, pedali iliyolegea au mlio wa kitu kilichokatika ndani ni jambo lingine. Liandikwe papo hapo kabla ya kulipa. Kazi ikiwa safi, lipa yote na uongeze cha soda. Wameistahili.

Usimwite fundi siku hiyo wala kesho yake. Mbao zinahitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea hewa ya chumba kipya, la sivyo atakaza nyuzi leo na mwezi ujao zimelegea tena. Wakati unasubiri, chukua kipande cha karatasi, andika jina la msimamizi, simu yake, tarehe ya kuhama na kilo za piano, ukibandike upande wa ndani wa mfuniko wa juu, karibu na ile namba uliyoisoma siku ya kwanza. Atakayeihamisha tena, awe wewe au mwanao, atafungua hapo kwanza.